Fatuma, Fatma au Fatima?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natarajia kujifungua mtoto wa kike na tumekubaliana apewe jina la mama mkwe wangu, ambaye tangu utotoni anaitwa Fatuma. Mume wangu anataka cheti kiandikwe Fatma, kwa kuwa Fatuma, anasema, ni matamshi ya watu wasiosoma. Wifi yangu naye anashikilia kwamba la asili ni Fatima na hayo mengine yote ni makosa. Kwa Kiswahili lipi sahihi? Na jina la pili tunataka Zahra. Je, kwa Kiswahili tuandike Zuhura?

JIBU: Marahaba, mwanangu, Mungu akujalie ujifungue salama. Mwandike Fatuma. Ndilo jina la bibi yake, na mtoto anakuwa wajina wake. Lakini sababu aliyoitoa mumeo siwezi kuiacha ipite. Nimeisikia mara nyingi kwa majina mengi, na kila mara inaniuma, kwa sababu inawafanya watu wayaonee haya majina ya mama zao.

Tuanze na Kiarabu, jina lilikotoka. Limetokana na kitenzi cha kumwachisha mtoto ziwa. Mwarabu akilitamka, a ya kwanza huivuta, t yake ni nzito, i ni fupi, na mkazo huuweka mwanzoni. Hiyo i fupi hudondoka kwa urahisi katika mazungumzo ya kila siku, na hapo ndipo linapopatikana Fatma. Waarabu wengi hutamka hivyo majumbani mwao, na Waturuki ndivyo wanavyoliandika. Fatma, basi, halina usomi wowote uliolizidi Fatuma. Nalo ni jina la mdomoni, lililozaliwa katika usemi wa watu wa kawaida.

Fatuma limepatikanaje? Hapa pana jambo zuri kuhusu lugha yetu. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, na kinapopokea neno lisilo na irabu ya kutosha, huliongezea. Irabu gani? Mara nyingi konsonanti iliyo jirani ndiyo huamua. Sauti za midomo, yaani b, m na f, huvuta u: kitab limekuwa kitabu, adab limekuwa adabu, Zainab limekuwa Zainabu, Mariam Mariamu, Yusuf Yusufu. Sauti nyingine nyingi huvuta i, ndiyo maana tuna Saidi, Rashidi, Hamisi na Hasani. Katikati ya neno kanuni hii hulegea, kwani ilm limetupa elimu, si “elumu”. Hata hivyo hukm limetupa hukumu, na Fatuma limefuata mkondo huohuo. Iwe ile u iliingizwa kati ya t na m, au ni i iliyogeuka, aliyeivuta ni m. Anayesema Fatuma ni kosa itabidi aseme kitabu na adabu nayo ni makosa.

Sasa wifi yako. Ni kweli kwamba Fatima limekaribia zaidi maandishi ya Kiarabu. Lakini jaribu kulisoma kwa sauti. Mswahili atasema Fa-TI-ma, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo desturi yetu. Ile a iliyovutwa haipo tena, na ile t nzito imekuwa t yetu ya kawaida. Kwa hiyo Fatima letu nalo limekwisha kuswahilishwa, tofauti ni kwamba halikubadilishwa herufi. Isitoshe, wengine hulipata kwa njia tofauti kabisa: wapo Wakatoliki wanaowaita binti zao Fatima kwa heshima ya mji wa Fátima huko Ureno, panaposimuliwa kwamba Bikira Maria aliwatokea watoto watatu mwaka 1917.

Sisemi kwamba Fatma halifai. Silabi iliyofungwa, yaani inayoishia kwa konsonanti, tunaimudu vizuri: tunasema labda, daftari na maktaba bila taabu. Zanzibar jina hilo limeenea sana, na mke wa rais wa kwanza wa visiwa hivyo, Abeid Amani Karume, alijulikana kwa jina la Fatma Karume. Na Bi Kidude, yule gwiji wa taarabu aliyefariki mwaka 2013, utakuta pengine ameandikwa Fatuma binti Baraka na pengine Fatma binti Baraka. Mtu mmoja, kisiwa kimoja, na hakuna Mzanzibari aliyechanganyikiwa.

Usanifu wa Kiswahili unatawala maneno ya kawaida. Mwanafunzi akiandika “kitab” katika insha atasahihishwa, na ni haki asahihishwe. Jina la mtu halimo katika mamlaka hayo, kwani umbo lake sahihi ni lile ambalo mwenyewe anaitwa na kuandikwa. Ndiyo maana nakuomba mkubaliane kabla ya cheti cha kuzaliwa, si baada yake. Mtoto akiwa Fatma kwenye cheti, Fatuma kwenye rejista ya shule na Fatima kwenye pasi ya kusafiria, kwa karani hao ni watu watatu, na yeye ndiye atakayehangaika na viapo vya kuthibitisha kwamba ni mmoja. Na kama mtaani wameanza kuwashauri mwongeze h mwishoni, muandike “Fatumah”, msiiongeze. Katika matamshi yetu h hiyo haina kazi.

Kuhusu Zahra na Zuhura, hapo nakukataza. Yanafanana kwa sababu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kung'aa, lakini ni majina mawili, si sura mbili za jina moja kama Fatma na Fatuma. Zuhura ni ile sayari inayoonekana angavu alfajiri au jioni. Zahra ni lakabu ya Bi Fatima, binti wa Mtume Muhammad, ndiyo maana majina hayo mawili huandamana. Kama huo ndio uhusiano mnaoutaka, andikeni Zahra, au Zahara ikiwa ndivyo mtakavyomwita. Fatuma Zahra linasomeka vizuri, na halihitaji kubadilishwa chochote ili liwe la Kiswahili.