Wauzaji wako Ulaya, bei inauma Kibaha: sheria yetu inawafikia?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nina kiwanda kidogo cha chakula cha kuku hapa Kibaha. Mahindi, pumba, mashudu na dagaa napata humu humu nchini, lakini premiksi ya vitamini naagiza nje kwa makampuni matatu, mawili ya Ulaya na moja la Asia. Hakuna hata moja lenye ofisi Tanzania. Mwaka huu yote matatu yameniletea barua za kupandisha bei ndani ya wiki moja, kwa asilimia ile ile, kuanzia tarehe ile ile. Nilipolalamika, moja likanijibu kwamba mkataba wetu unafuata sheria za Uswisi, na kwamba Tume ya Ushindani ya Tanzania haina mamlaka juu yao. Ni kweli? Na je, naweza kuwashtaki Marekani? Nasikia huko fidia ni mara tatu. – Msomaji, Kibaha

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Anayekwambia hivyo ama hajasoma sheria yetu au anategemea wewe hujaisoma.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ina kifungu kinachozungumzia mambo yaliyofanyika nje ya nchi. Inamgusa raia au mkazi wa Tanzania, inaigusa kampuni iliyosajiliwa au inayofanya biashara hapa, na inamgusa mtu yeyote yule kuhusiana na bidhaa au huduma anazouza kuingia nchini. Hao wa mwisho ndio wauzaji wako. Hawahitaji kuwa na ofisi Posta wala wakala Kariakoo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema karibu maneno hayo hayo. (Wasomaji wa Unguja na Pemba: sheria hii ni ya Tanzania Bara, ninyi mna ya kwenu.)

Hoja ya sheria za Uswisi ndiyo nyepesi kuliko zote. Kifungu cha mkataba kinaamua ninyi wawili mtatumia sheria gani mkigombana juu ya mzigo ulioharibika au malipo yaliyochelewa. Tume si mmoja wa waliotia saini. Watu wawili hawawezi kukaa wakakubaliana kwamba sheria ya nchi ya tatu ya kulinda soko lake isifanye kazi.

Tanzania haikubuni jambo hili. Mwaka 1909 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, ilisema kitendo kinahukumiwa kwa sheria ya mahali kilipotendeka, basi. Mwaka 1945, katika kesi ya kampuni ya aluminiamu ya Alcoa, msimamo ukageuka: makubaliano yaliyofanywa nje na watu wa nje yanaweza kushikwa na sheria ya Marekani iwapo yalikusudiwa kuathiri bidhaa zinazoingia nchini humo, na kweli yakaziathiri. Ulaya walichukua njia yao. Mwaka 1988 watengenezaji wa rojo ya mbao ya kutengenezea karatasi, kutoka Finland, Marekani na Kanada, walijitetea kwamba walikuwa nje ya Jumuiya ya Ulaya. Mahakama ya Ulaya ikajibu kwamba mahali mlipokubaliana si kitu, cha maana ni mahali mlipoyatekeleza, na ninyi mliyatekeleza kwa kuwauzia wanunuzi wa hapa. Haikujali kama waliuza kupitia tawi, wakala au moja kwa moja.

Kuna kesi nyingine ya huku kwetu Afrika ambayo nadhani kila mwagizaji angeijua. Wazalishaji wa magadi soda wa Marekani walikuwa wakiuza nje kwa pamoja kupitia chombo kimoja, ANSAC. Kwao ni halali: tangu mwaka 1918 Marekani ina sheria inayoruhusu wauzaji nje kuungana, ilimradi wasiumize soko la nyumbani. Yaani wakikuumiza wewe, kwao hakuna kosa. Kampuni ya magadi ya Botswana ikalalamika Afrika Kusini, ambako sheria ya ushindani inashika shughuli yoyote yenye athari ndani ya nchi hiyo. Kesi ilivutana miaka na miaka, na mwaka 2008 ANSAC ikakiri na kukubali kulipa faini ya randi milioni 9.7. Ndiyo maana sheria ya nchi ya mnunuzi lazima ivuke mpaka. Ukingoja serikali ya muuzaji ikutetee, utangoja sana.

Kwa hiyo mamlaka Tume inayo. Shida yako iko kwingine, kwenye ushahidi.

Rudi kwenye kesi ile ile ya rojo ya mbao. Wazalishaji wale walikuwa wakitangaza bei mapema kila robo mwaka, kwa dola, na matangazo yao yalifuatana mno. Kama barua zako. Mwaka 1988 walishindwa kwenye hoja ya mamlaka. Mwaka 1993 mahakama hiyo hiyo ikafuta sehemu kubwa ya uamuzi dhidi yao, kwa sababu wataalamu walionyesha kwamba bei zinaweza kufanana bila njama: soko lina wauzaji wachache, kila mmoja anamwona mwenzake, na wanunuzi wenyewe ndio waliotaka bei zitangazwe mapema. Bei kufanana peke yake hakutoshi ikiwa kuna maelezo mengine yanayoingia akilini. Wakili wa wauzaji wako atasema malighafi ilipanda, meli zilipandisha nauli, na mkubwa alipotangaza wengine wakafuata. Kumfuata mkubwa bila kuongea naye si kosa.

Kinachoshinda kesi za aina hii kwa kawaida ni mtu wa ndani anayetoa siri. Na hapa msomaji wetu ana bahati mbaya ya kihistoria, maana bidhaa yake ndiyo iliyozaa karteli (yaani njama ya wauzaji kupanga bei pamoja) maarufu kuliko zote. Katika miaka ya 1990 Hoffmann-La Roche, BASF na wenzao waligawana dunia nzima ya vitamini, bei na kiasi cha kuuza. Kampuni mojawapo, Rhône-Poulenc, ikaenda kusema. Mwaka 1999 Roche ilikubali faini ya dola milioni 500 Marekani na BASF dola milioni 225. Mwaka 2001 Tume ya Ulaya ikatoza makampuni manane jumla ya euro milioni 855. Wanunuzi wa nchi kama zetu walinunua vitamini hizo hizo kwa bei hizo hizo, na faini zile ziliingia hazina za wengine.

Hapo ndipo swali lako la Marekani linapojibiwa, na jibu si tamu. Wanunuzi wa nje, mmojawapo kampuni ya Ecuador iitwayo Empagran, walijaribu hilo unaloliwaza: walidai fidia Marekani kwa vitamini walizonunua nje ya Marekani. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia. Ikasema kama hasara yako ya nje inasimama peke yake, haikutokana na athari iliyotokea ndani ya Marekani, katafute haki kwingine. Wakajaribu tena kwa hoja kwamba karteli isingesimama nje bila kupandisha bei Marekani pia, na mwaka 2005 mahakama ya rufani ikasema uhusiano huo uko mbali mno. Wewe mzigo wako unatoka Ulaya na Asia kuja bandari ya Dar. Usitumie hela ya wakili wa New York.

Kuhusu kulipwa, nikuambie mapema. Kosa la kupanga bei lina faini ya asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka, na sheria inaruhusu aliyeumia kuomba amri ya fidia. Lakini mahakama za nje kwa kawaida hazikusanyi faini za serikali nyingine. Uingereza ilifika mbali zaidi: mwaka 1980 ilitunga sheria ya kuzuia hukumu za fidia za mara tatu zisitekelezwe kwake, baada ya ugomvi na Marekani juu ya karteli ya urani. Nguvu halisi ya Tume ni soko lenyewe, maana kampuni inayotaka kuendelea kuuza hapa huona afadhali kuja mezani.

Sasa la kufanya. Tunza barua zote tatu pamoja na barua pepe zilizozileta, zenye saa na tarehe, usibaki na nakala za karatasi tu. Ambatanisha proforma na ankara za miaka kadhaa nyuma, ili ionekane kama zamani bei zao zilikuwa zinatofautiana. Mwandikie kila mmoja kivyake kuuliza sababu ya ongezeko. Majibu matatu yenye sentensi moja iliyonakiliwa yana thamani kubwa kuliko asilimia zinazofanana. Angalia pia kama mkataba wako ni wa kufikishiwa mzigo Dar au wa kuuchukulia bandari ya kule. Wa Dar ni rahisi zaidi kuonyesha kwamba waliuza kuingia Tanzania, ingawa ule mwingine haukuondolei haki ya kulalamika. Kisha peleka lalamiko Tume kwa maandishi.

Na ukiwatafuta wachanganyaji wenzako kuuliza kama nao wamepata barua hizo, ishieni hapo hapo. Mkianza kukubaliana mtapandishaje bei ya mfuko wa chakula cha kuku ili kufidia ongezeko, Tume haitahitaji kuvuka mpaka wowote kuwapata.