Mume Wangu Ananinyima Safari za Kuiaga Ulaya

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Hamburg, Ujerumani, kwa mwaka wa nane sasa. Mkataba wake wa kazi unaisha tarehe 31 Oktoba, naye ameamua turudi nyumbani Tanga. Nimemwomba jambo moja tu, kwamba Novemba na Desemba tuzunguke Paris, Barcelona, Roma, Venice, Santorini na Lisbon, kwa sababu tukishaondoka huenda tusipate nafasi hiyo tena. Amekataa. Anasema fedha ni za kontena na za kumalizia nyumba, na kwamba lazima tufike kabla ya Januari. Najua maneno hayo ni ya mama yake, anayekaa na mwanetu mkubwa na kumpigia mume wangu simu kila jioni. Nimechoka kuolewa na watu wawili. Nifanye nini?
Msafiri, Hamburg

Marahaba, mwanangu. Hamu yako naielewa, na katika jambo moja nakupa haki yako. Mwenye kibali hai cha ukaazi wa Ujerumani huingia nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, bila viza, mradi asizidishe siku 90 katika kila siku 180. Mkishahamia Tanga, kila mtu mzima atalipa euro 90 za maombi ya viza, apeleke taarifa za benki na barua ya mwajiri, kisha asubiri jibu ambalo laweza kuwa la kukataliwa. Anayekwambia kwamba Ulaya haihami, mtaiona siku nyingine, hajawahi kuomba viza.

Pole yangu imeishia hapo.

Miji umeitaja sita, kila mmoja kwa jina lake. Mwanao umemtaja mara moja, tena katikati ya sentensi ya kumlalamikia bibi yake, na hukuniambia ana umri gani wala ametengana nanyi tangu lini. Mumeo anataka mfike kabla ya Januari, na Januari ndipo shule za Tanzania zinapoanza mwaka mpya wa masomo. Sihitaji kupiga ramli kujua kwamba yupo mtoto anayekwenda kuanza darasa, na baba yake anataka kuwapo siku hiyo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kazi hiyo ameibeba mama mkwe wako, aliyekesha na homa za mjukuu wake wakati ninyi mko mbali. Simu za jioni unazozihesabu kuwa uchochezi, sitashangaa nikiambiwa kwamba ni za kumsikilizisha mtoto sauti ya baba yake kabla hajalala.

Na mpango wenyewe haukupangwa na mtu aliyeketi akahesabu. Vibali vya ukaazi mara nyingi hufungamana na ajira, na ajira ikiisha ofisi ya wageni inaweza kuufupisha muda wa kibali, kwa hiyo hizo siku 90 unazozitegemea huenda usizikute. Nyumba ya kupanga Ujerumani kwa kawaida huagwa kwa notisi ya miezi mitatu. Ikiwa mumeo amekwisha kuitoa ili mwondoke Oktoba, miezi yote miwili mtalala hotelini. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki huwasamehe ushuru wa vyombo vya nyumbani vilivyotumika wale wanaohamisha makazi, lakini nauli ya meli haimsamehe mtu. Na Santorini ya Novemba, binti yangu, hoteli nyingi zimefungwa na upepo unavuma. Katika miaka yote hiyo, je, umefika Lübeck, iliyo kama dakika 45 tu kwa treni kutoka Hamburg? Barua yako haiitaji, nami nadhani ni kwa sababu hakuna rafiki yako aliyeipigia picha.

Hukumu yangu ni kwamba unachokiogopa ni kufika. Unaogopa kumkuta mtoto anayemkimbilia bibi yake akiumia, wewe umesimama pembeni, na unaogopa watu wa mtaani watakaouliza umerudi na nini. Woga huo hauna aibu, ila Barcelona haiutibu.

Ndoa za siku hizi zina maradhi haya: mwanamume akikubali, ni mume mwenye mapenzi, akikataa, ni mtoto wa mama. Ughaibuni huyazidisha, kwa kuwa wawili waliokaa miaka mingi bila mashangazi wala wajomba wa kuwasuluhisha huzoea kudhani kwamba ndoa ni yao peke yao, na siku ya kurudi ukoo huwaonekea kama uvamizi. Unasema umechoka kuolewa na watu wawili. Huku kwetu hakuna aliyeolewa na mtu mmoja, na wewe ulilijua hilo siku ulipompelekea mama huyo mwanao amlee.

Mwombe mumeo safari moja, ya siku chache, katika mji mmoja, kabla ya mwisho wa Oktoba wakati mshahara bado unaingia. Mbali na hiyo, nunueni ile tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mtu, mpande treni za mikoa taratibu hadi Lübeck, Bremen na Berlin. Mkifika Berlin, ingieni makumbusho ya historia asilia mkamwone mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba Lindi kati ya 1909 na 1913. Mpigieni mwanenu simu ya video mkiwa mbele yake, mumweleze kwamba mnyama huyo alitoka kwetu.

Kisha simu ya mama mkwe ikiita jioni, ipokee wewe. Msalimie, mshukuru kwa malezi, muulize mtoto anavaa viatu namba ngapi na sare za shule zinashonwa wapi, na akikuuliza mnafika lini, mtajie tarehe.