Kabla hujamuogesha kichanga: mambo ya maji, baridi na kitovu kwa sisi wa huku Mwanza

Mtoto akizaliwa tu ndugu wanaanza kuulizia beseni. Naomba mngoje. Shirika la Afya Duniani linashauri yapite angalau masaa 24 ndo aogeshwe, na ule utando mweupe anaozaliwa nao sio uchafu jamani, unalinda ngozi yake, mfuteni damu, mkausheni, akae kifuani kwa mama yake apate joto. Mama mkwe akikomaa mwambie kwa heshima, "mama, nesi kasema tusubiri kwanza", kwangu hiyo ilimaliza mjadala.

Sasa maji, na hapa nawaomba sana. Sisi wa Luchelele, Kayenze na kwingine kandokando ya ziwa, bomba likikata tu madumu yanaenda kujazwa ziwani, na ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vyake vinapenya kwenye ngozi, sio mpaka mtoto ayanywe. Wengi wanachemsha sufuria moja halafu wanapoozea maji mabichi ya kwenye dumu, sasa hapo umefanya nini? Chemsha YOTE, mengine yaache yapoe tangu usiku kwenye ndoo safi yenye mfuniko, asubuhi unapoozea hayo hayo.

Kwenye beseni yatangulie ya baridi ndo umimine ya moto, koroga, kisha chovya kiwiko, maana kiganja cha mtu anayeshika masufuria kila siku kimeshazoea moto, kinadanganya. Yawe vuguvugu tu, nyuzi 37 hivi kama joto la mwili.

Mimi naogesha saa nne asubuhi jua limeshapanda, upepo wa ziwa wa alfajiri sitaki kabisa, na madirisha nafunga. Ila kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kipate joto HAPANA, mkaa unatoa gesi ya sumu ambayo haina hata harufu na inaua.

Taulo, khanga, nguo na nepi viwe pembeni kabla hujamvua, ukishamvua hakuna kumuacha kufuata kitu, hata simu iite vipi. Uso ni maji matupu bila sabuni, kila jicho na pamba yake, unafuta kutoka puani kwenda nje. Shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja pitisha taratibu, maziwa yanajificha huko yanachacha. Wa kike unamsafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Kichwa mimi naweka mwisho kwa sababu kikilowa mapema mtoto anapoa haraka. Dakika tano zinatosha, mkaushe mpaka kwenye mikunjo.

Kitovu kikiwa bado hakijadondoka, na mara nyingi kinachukua wiki moja mpaka mbili, mfute tu na kitambaa badala ya kumzamisha, nepi ikunje ikae chini ya kitovu kipate hewa. Majivu, mavi ya ng'ombe, dawa ya meno, mate, vyote hivyo visiguse hapo, pepopunda ya vichanga inaingilia humo humo. Ukiona wekundu pembeni yake, usaha, harufu mbaya, au mtoto anachemka na hataki kunyonya, zahanati siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na sio lazima aoge kila siku hata kama joto la huku unalijua, mara mbili tatu kwa wiki inamtosha, siku zingine unamfuta uso, shingo na makalio basi.