Nakala rudufu za chuo zihifadhiwe wapi?

Swali: Mimi ni msimamizi wa mifumo katika chuo kikuu kimoja nchini Tanzania. Kila usiku hifadhidata za matokeo na ada hunakiliwa kwenye diski kubwa iliyomo katika chumba hicho hicho cha seva, nayo huunganishwa na mtandao muda wote. Uongozi umetenga fedha za kununua programu mpya ya kuzuia virusi. Je, itatosha kutukinga na wahalifu wanaofunga mafaili na kudai malipo?

Jibu: Haitatosha, na kama fedha ni hizo tu, ningezielekeza kwanza kwenye nakala rudufu. Mhalifu aliyekwisha kupata mamlaka ya msimamizi anaweza kuizima programu ya kuzuia virusi kama wewe mwenyewe unavyoweza, kisha akaifikia diski hiyo na kuifunga pamoja na seva.

Hayo ndiyo yaliyokikuta Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Mnamo Oktoba 2019 barua pepe za ulaghai zilifunguliwa kwenye kompyuta mbili, wahalifu wakaingia, wakatembea ndani ya mtandao kwa zaidi ya miezi miwili wakisaidiwa na seva ambazo hazikuwa zimewekewa masasisho ya usalama, na tarehe 23 Desemba, watu wakijiandaa kwa Krismasi, wakafunga seva 267. Baadhi ya nakala rudufu zilikuwa kwenye mtandao huo huo, nazo zikafungwa. Chuo kililipa bitcoin 30, yaani takribani euro 200,000. Tazama pia siku waliyoichagua: likizo ndiyo saa yao ya kazi, kwa hiyo zamu ya likizo isiwe jina tu kwenye karatasi.

Kwako wewe, acha nakala ya kila usiku iendelee, lakini seva ya nakala, yaani kompyuta inayoishika diski hiyo, ndiyo iende kuzichukua data, badala ya seva za matokeo na ada kuruhusiwa kuandika ndani yake. Akaunti inayoisimamia iwe na nywila yake, isiyotumika mahali pengine popote, na isiwe sehemu ya mfumo mkuu wa akaunti za chuo. Juu ya hapo, nunua diski mbili za nje zinazopokezana kila wiki, ili wakati wote moja iwe imechomolewa na kufungiwa kabatini katika jengo jingine. Data zilizomo zisimbwe, yaani zigeuzwe zisisomeke bila ufunguo, maana diski iliyoibwa ikiwa na majina, ada na matokeo ya wanafunzi ni uvujaji kamili, hata kama hakuna aliyegusa mtandao; na ufunguo wa kuzisimbua usibaki kwenye seva peke yake.

Barua pepe za ulaghai hazitakwisha kwa semina. Wawekee wafanyakazi wote uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama vile msimbo wa simuni, ukianza na wahasibu na ofisi ya msajili, na wewe mwenyewe usisome barua pepe kwa akaunti ya usimamizi.

Nakala rudufu hurejesha data, lakini hazirudishi siri iliyokwisha kuchukuliwa, na wahalifu wengi siku hizi huiba kwanza ndipo wafunge. Punguza basi idadi ya wanaoweza kupakua orodha nzima ya wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wa taarifa hizo unapovunjwa; mkubaliane mapema nani ataandika barua hiyo.

Kabla ya mitihani ijayo, chukua kompyuta ya ziada isiyounganishwa na seva zenu, rejesha hifadhidata ya matokeo kutoka kwenye diski ya kabatini, na umwombe afisa wa ofisi ya msajili alinganishe alama chache na karatasi zake. Andika saa zilizotumika, kisha upeleke hesabu hiyo kwenye kikao cha bajeti.