Barua ya shukrani niliyoipiga muhuri

Kila Jumamosi asubuhi, binti mmoja wa miaka tisa alikuwa anajipeleka jikoni bila kuitwa. Anapindua ndoo, anaikalia, anajipaka mafuta mikononi, anaanza kumenya ndizi. Aliyewahi kumenya ndizi za mtori anaujua utomvu wake: unaganda, unakuwa mweusi, unakaa kwenye kucha siku mbili tatu. Watoto wenzake wakisikia zamu ya ndizi walikuwa wanajificha. Yeye aliiomba.

Nilikuwa matroni wa kituo hicho, kituo cha shirika la hisani nje kidogo ya Moshi, chenye watoto 43. Jumamosi saa nne ilikuwa saa ya tuisheni ya hesabu, na mwalimu alikuwa kijana wa kujitolea ambaye watoto walimwita Anko. Mimi nilimwona yule binti ni mvivu wa hesabu. Mara mbili nilimwondoa kwenye ndoo kwa kumshika mkono, nikampeleka darasani mwenyewe. Hilo nimelibeba mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike haya kwa wenzangu mnaolea watoto kwenye vituo, kwenye madrasa, kwenye kwaya za watoto, kwenye timu za mpira, popote ambapo mtu mzima anaaminiwa watoto wasio wake.

Mama mpishi wetu ndiye aliyeona. Aliniambia, "Matroni, huyu mtoto hapendi ndizi. Kuna kitu anakikimbia." Nikamjibu anakimbia hesabu. Zikapita wiki tatu. Jumamosi ya nne mtoto alimweleza yeye, pale pale jikoni, maganda yakiwa miguuni, kwamba Anko huwa anamwambia abaki darasani wenzake wakitoka.

Angalia alimwambia nani. Shirika letu lilikuwa na mtu rasmi wa kupokea malalamiko ya watoto. Alikuwa mhasibu, aliyeteuliwa kwa sababu ndiye aliyekwenda kwenye semina na ndiye aliyejua kujaza fomu za wafadhili. Jina lake lilibandikwa ukutani ofisini, mahali ambapo watoto hawaingii. Mtoto hamwendei mtu kwa sababu jina lake limebandikwa. Anamwendea anayempa ukoko wa wali, anayemfungulia geti akichelewa kutoka shule, anayemshonea kifungo. Kwa hiyo kama una fedha ya semina moja tu kwa mwaka, waanze mpishi, mlinzi, dereva na dada wa kufua. Meneja atasubiri.

Na usiwafundishe mambo mengi. Mtoto akikueleza, acha unachofanya, msikilize. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, na si kosa lako. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu wawili, kwa sababu haitabaki, na akijua umemdanganya hatarudi tena. Usimuulize "kwa nini hukusema mapema". Usimsaidie maneno. Andika alichosema kwa lugha yake mwenyewe, weka tarehe na saa, kisha lipeleke mbele siku hiyo hiyo.

Sisi tulifanya kinyume cha hayo yote. Mama mpishi aliniletea mtoto, nikamwambia arudie. Nikampeleka kwa mkurugenzi, akarudia. Jioni wakaja wajumbe wawili wa bodi, wanaume wazima, wakakaa upande mmoja wa meza na mtoto upande wa pili peke yake, miguu haifiki chini, akaambiwa aeleze tena toka mwanzo. Mara hiyo ya nne alikuwa hatoi hata chozi. Alikuwa anaangalia kona ya zulia ilipofumuka, anaongea kama anayesoma ubaoni. Mjumbe mmoja akasema, "Mbona halii? Mtoto aliyefanyiwa hivyo angelia."

Kuchunguza si kazi ya shirika, na hapo ndipo vituo vingi vyenye nia njema vinaanguka. Tunataka kwanza tuwe na uhakika, tusije tukamharibia mtu jina. Lakini kupata uhakika ni kazi ya polisi, daktari na afisa ustawi wa jamii, ambao wamefundishwa kumhoji mtoto. Kazi yetu sisi ni mbili tu: mtoto awe salama usiku ule, na taarifa ifike. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeshalisema: mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa anatakiwa kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Haikusema aitishe kwanza kikao cha bodi.

Njia zipo, nazo ziko karibu kuliko tunavyodhani. Namba 116 inapigwa bure, Bara na Zanzibar, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kenya nako simu ya watoto ni 116 hiyo hiyo. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri ina afisa ustawi wa jamii, na baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wanakutana na mtoto sehemu moja asizungushwe. Kama mtoto ameingiliwa, saa ndizo zinazohesabika. Dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Zitie kwenye mfuko wa khaki, siyo wa plastiki, maana kwenye plastiki zinapata unyevu na ushahidi unaharibika.

Kwetu hakuna aliyepiga simu. Mkurugenzi, ambaye siyo mtu mbaya, aliyekuwa ameuza shamba la babake ili kituo kisimame, alisema maneno ambayo nimeyasikia baadaye katika mashirika mengine matatu, yakiwa yale yale: funika kombe mwanaharamu apite. Wafadhili wangekuja mwezi unaofuata. Wakisikia watafunga mkoba, na watoto 43 watalala wapi? Bibi yake yule binti aliitwa kutoka Rombo, akapewa nauli, kiroba cha unga na maneno mazuri. Alishukuru. Alishukuru, jamani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na haki ya kukasirika.

Anko naye aliitwa ajieleze, yaani alionywa kabla polisi hajajua. Alikana, akalia, akasema kwa heshima ya kituo ataondoka mwenyewe. Akaomba kitu kimoja tu, barua ya kuthibitisha kwamba alijitolea kwa mwaka mmoja na nusu. Niliiandika mimi. "Mwenye moyo wa upendo kwa watoto." Nikaipiga muhuri.

Baada ya siku kumi na moja nilishindwa kulala, nikaenda Dawati la Jinsia peke yangu. Afande aliyenipokea, dada wa makamo, aliandika kila kitu, akanifungulia RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, halafu akaniuliza, "Dada yangu, siku zote hizi mlikuwa wapi?" Anko alikuwa ameshapanda basi.

Nikuambie alivyoingia pia, maana aliingia kama alivyotoka. Alikuja na barua nzuri kutoka kituo kingine, yenye namba ya simu chini. Sikuipiga. Tulikuwa na uhaba wa walimu, na yeye hakutaka mshahara. Alirekebisha mabomba, alinunua biskuti kwa hela yake, na alijua majina ya watoto wote 43 kwa wiki moja. Mambo hayo peke yake si dalili ya ubaya, kuna vijana wengi wa namna hiyo ambao ni dhahabu tupu. Ila ndiyo maana utaratibu lazima umbane yule tunayempenda. Tunayemtilia shaka tunamchunga hata bila sera. Sera iliyoandikwa inatakiwa isimame mbele ya mtu ambaye hakuna aliye tayari kumuuliza swali.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walikumbana na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nawataja wavulana makusudi, kwa sababu vituo vingi vinafunga mabweni ya wasichana kwa kufuli na kuacha ya wavulana wazi.

Sisi wa Moshi na Arusha tuna jambo letu la ziada: wageni. Mtu anakuja kupanda Mlima Kilimanjaro, akishuka anataka wiki mbili za kujitolea kwenye kituo cha yatima, na tunamfungulia geti kwa sababu amekuja na mabegi ya nguo na kalamu. Majirani zetu walishaumia. Mwingereza Simon Harris aliendesha shirika la hisani Gilgil, Kenya. Mwaka 2015, baada ya kutiwa hatiani na mahakama ya Birmingham kwa kuwadhalilisha watoto wa mitaani huko, alifungwa miaka zaidi ya 17. Mmarekani Gregory Dow alianzisha kituo cha watoto Bomet, Kenya hiyo hiyo, na mwaka 2021 mahakama ya Pennsylvania ilimfunga miaka 15 na miezi minane kwa kuwanajisi wasichana aliojiita mlezi wao. Hawa hawakuruka ukuta usiku. Wao ndio waliokuwa wamejenga ukuta.

Nilipohamia shirika jingine nilianza na mambo madogo. Barua ya mtu haitoshi: napiga simu, tena siyo kwenye namba iliyo kwenye barua, natafuta namba ya ofisi mwenyewe. Nauliza swali moja, "Ungemrudisha leo kukaa na watoto wako?" halafu nanyamaza. Ule ukimya wa upande wa pili umenifundisha zaidi ya vyeti. Cheti cha polisi cha alama za vidole nakitaka pia, ingawa cheti safi kinakwambia tu kwamba huyu hajawahi kukamatwa. Mgeni anaonyesha hati kama hiyo ya kule alikotoka, halali usiku ndani ya uzio, hachukui mtoto kwenda naye mjini, na hatumii simu yake kuwasiliana na mtoto. Tuisheni inafanyika barazani au darasani mlango ukiwa wazi. Hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, na hiyo ni pamoja na mimi, padri, imamu na mfadhili mkubwa. Kuna mfadhili aliyekasirika akasema tunamdharau. Tulimpikia chakula, tukamwomba radhi kwa usumbufu, na sheria ikabaki palepale.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote hakikuwa na gharama. Niliwapa watoto karatasi, nikawaambia wachore kituo chao, halafu wapake rangi nyekundu mahali wasipopapenda. Nilitegemea waseme jalalani, kwenye nyoka. Karatasi kumi na nane zilikuwa na nyekundu kwenye njia ya kwenda chooni nyuma ya stoo, taa ilipokuwa imeungua toka msimu wa mvua. Sita zilikuwa na nyekundu kwenye kibanda cha mlinzi wa zamu ya usiku. Taa tulibadilisha siku ile ile. Habari ya kibanda niliipeleka ustawi wa jamii kesho yake asubuhi, bila kumuuliza mlinzi, bila kikao, naye akakaa nyumbani na posho yake mpaka walipomaliza kazi yao.

Miaka miwili baada ya Moshi, simu yangu iliita jioni, namba nisiyoijua. Mama mmoja, lafudhi ya Kanda ya Ziwa.

"Shikamoo dada. Samahani, nimepewa namba yako na yule mama aliyekuwa akipika kwenye kituo chenu cha zamani. Nina barua hapa ina sahihi yako. Kijana ameomba kuja kutufundishia watoto hesabu, anaanza Jumatatu."

Akaanza kunisomea. Alipofika kwenye "moyo wa upendo" nilimwomba asimame. Nilimweleza nilichokisikia na tulichokifanya, siyo nilichokikisia, na kwamba barua ile niliiandika nikijua. Alikaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo asianze?"

"Asianze. Na usimwambie chochote. Mpigie afande kwanza, nakupa namba ya RB."

Nikamsikia anavuta droo, anatafuta kalamu.