Swali la lugha: Ruzuku huombwa nani?

*Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni katibu wa kamati ndogo iliyopewa kazi ya kuandika barua ya maombi. Baraza letu la mji linataka kuomba fedha kwa shirika la nje, ili sehemu chache zilizobaki bila ya kujengwa mjini zisije zikamezwa zote. Barua ya Kiingereza ipo tayari. Sasa inatakiwa ya Kiswahili, isomwe mbele ya wananchi kabla haijapelekwa, na hapo ndipo tulipokwama. Tuseme tunaomba "msaada", "ufadhili" au "ruzuku"? Mzee mmoja wa kamati ameikataa "ruzuku" katakata. Anasema ruzuku huombwa Mwenyezi Mungu, haombwi mtu. Tena, ni "eneo wazi" au "eneo la wazi"? Wengine wamechoka, wanasema tuandike "viwanja vya umma" yaishe.*
*Katibu, Chake Chake*

Waalaykumu ssalaam, Katibu. Nitaanza na mzee wenu, maana naona mmemwacha peke yake, na ana haki kuliko mnavyomdhania.

Kitenzi *kuruzuku*, kwetu sisi, kina mtendaji mmoja tu. Bibi akikuombea dua husema "Mungu akuruzuku kizazi chema". Mvuvi akipandisha dema tupu hatukani bahari, husema "leo hatukuruzukiwa", na kila aliye chomboni anajua ni nani ambaye hakuruzuku. Riziki na ruzuku ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika majina matukufu ya Mwenyezi Mungu limo Ar-Razzaq. Basi mtu aliyekulia katika lugha hii akisikia "tunaliomba shirika lituruzuku", masikio lazima yamwashe. Yangu yangeniwasha.

Ila kitenzi na nomino vimeachana njia zamani. Kitenzi kimebaki msikitini na baharini, nomino imehamia hazina. Vyama vya siasa hupata ruzuku ya Serikali. Wakulima wa bara hununua mbolea ya ruzuku. Kaya zinazopokea fedha za TASAF, ule mfuko wa Serikali wa kuzisaidia kaya maskini, Unguja na Pemba, zinasema zimepokea ruzuku, na hakuna shekhe aliyezikemea. Ukizitazama ruzuku hizo zote utaona zinafanana kwa mambo matatu: fedha zimetoka katika mfuko wenye kanuni, hazirudishwi, na anayezipokea ametimiza sifa zilizotajwa kabla hajaomba. Hizo ndizo fedha mnazoziomba nyinyi. Kwa hiyo andikeni *ruzuku*, na kwa ajili ya mzee andikeni "fedha za ruzuku", maana neno *fedha* likitangulia hakuna atakayefikiria dua. Kitenzi msikiguse. Shirika "hutoa" ruzuku, haliruzuku.

*Msaada* ningeliacha. Si kosa, lakini ni neno pana mno. Kumvusha kipofu barabara ni msaada, gunia la mchele baada ya mafuriko ni msaada, na fundi akikushikia ngazi naye amekusaidia. Tena anayeomba msaada anasema kwa sauti ya chini kuwa ameelemewa. Baraza la mji linalotaka kuiweka ardhi yake salama halijaelemewa, linapanga. Wahenga wamesema mwomba chumvi huombea chunguche, na chungu hapa ni cha mji mzima.

*Ufadhili* ni neno zuri ambalo watu hulitumia pasipo pake. Limetoka katika fadhila, na fadhila kwetu ina uzito: mfadhiliwa hubaki na deni la shukrani shingoni, ndiyo maana tunamsema punda kwa mateke yake. Ufadhili ni kitendo na ni uhusiano baina ya watu wawili. Ruzuku ni fedha zenyewe. Barua moja inaweza kuyabeba yote mawili bila ya kugongana: mnaomba *ruzuku* kutoka kwa *mfadhili*, na mradi ukishaanza mtasema *unafadhiliwa* na fulani.

Tazameni ufukwe wa Mji Mkongwe, mtaona maneno haya yalivyo na kazi. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa 1936, Sultani Khalifa alipotimiza miaka 25 ya utawala, na ikafunguliwa upya 2009 baada ya matengenezo makubwa yaliyofanywa na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni. Hapo sema "kwa ufadhili", na hutakosea. Sogea hatua chache hadi Mizingani. Ukuta wa bahari wa pale ulijengwa upya katika mradi wa huduma za miji uliotokana na fedha za Benki ya Dunia, na zile zilikuwa mkopo, wenye masharti nafuu lakini mkopo. Nimesikia watu wazima, tena wenye vyeo, wakiuita "msaada wa Benki ya Dunia". Mkopo huitwa mkopo hata riba yake ikiwa ndogo kama punje ya mtama.

Kuna jambo jingine ambalo barua yenu italigusa, mtake msitake. Fedha za namna hii huja na sharti. Marekani wana mfuko wa ardhi na maji ulioanza kazi 1965, ambao huipa miji fedha za kununua na kutengeneza mahali pa mapumziko. Mfuko hulipa hadi nusu ya gharama, nusu ya pili mji uitafute wenyewe, na ardhi iliyoguswa na fedha hizo hubaki ya mapumziko ya nje daima. Ukitaka kuijenga, lazima utoe nyingine ya thamani isiyopungua badala yake. Mtu wa Pemba akisikia hivyo neno la kwanza linalomjia ni *wakfu*, mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe. Linakaribia sana. Hata hivyo msiliandike. Wakfu una sheria yake ya dini na una Kamisheni yake hapa Zanzibar, na mkiandika kuwa eneo "litawekwa wakfu" mtaulizwa ni nani aliyeweka, mali ilikuwa yake au si yake, na kwa ajili ya nani. Semeni tu kwamba eneo "halitagawiwa wala kujengwa".

Sasa tuje kwenye *wazi*, ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague swali hili nikaacha mengine yanayosubiri.

Walimu wa skuli hukata "la" kwa kalamu nyekundu. Hoja yao ni kuwa *wazi* ni kivumishi kisichochukua kiambishi, kama *safi* au *ghali*: twasema nguo safi, hatusemi nguo ya safi, basi iwe eneo wazi. Hiyo ni nusu ya kanuni. Nusu ya pili inasikika ukikaa barazani ukasikiliza watu. Mlango wazi. Kichwa wazi. Mdomo wazi. Nafasi wazi, ile ya kazi. Hakuna asemaye "mlango wa wazi" wala "kichwa cha wazi". Kisha sikiliza upande huu: barua ya wazi, kikao cha wazi, soko la wazi. Hapo ukiondoa kile kiunganishi sentensi inachechemea. "Barua wazi" ni barua ambayo bahasha yake haikubandikwa gundi.

Tofauti ni nini? *Wazi* peke yake hutaja hali ya sasa hivi, na hali hubadilika. Mlango ulio wazi utafungwa Magharibi ikiingia, kichwa kitavishwa kofia, nafasi itapata mtu. *La wazi* hutaja aina ya kitu. Kikao cha wazi kimekusudiwa kiwe hivyo tangu kilipopangwa, na hata milango ya ukumbi ikifungwa kwa sababu ya mvua, bado ni kikao cha wazi. Lugha yetu ina jozi nyingine inayokaribia hii, ingawa haijanyooka kama uzi: *maji moto* na *maji ya moto*.

Ichukueni tofauti hiyo mkaiweke juu ya ardhi. *Eneo wazi* ni pahali ambapo leo hapana kitu. Kesho patakuwa na msingi, keshokutwa ukuta. *Eneo la wazi* ni pahali palipotengwa pawe hivyo, na aliyejenga juu yake amevunja jambo. Kibao kinachosema "Eneo hili ni la wazi" kinakataza. Kinachosema "Eneo hili ni wazi" karibu kinakaribisha. Nyinyi mnaomba fedha za kuilinda hiyo "la", na ukiniuliza mimi ndiyo herufi mbili ghali kuliko zote katika barua yenu.

Msione napamba. Msimu mmoja wa karafuu nilipita kwenye kiwanja nje kidogo ya Wete, yapata saa nne za asubuhi. Goli moja lilikuwa halina kazi, maana mbele yake yametandazwa majamvi kama kumi, karafuu zimeanza kuacha ukijani na kushika hudhurungi. Kitoto cha kike kimekaa pembeni na ufito kikifukuza kuku. Makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, yamerundikwa kando. Upande wa pili vijana wanacheza mpira nusu uwanja, na sheria yao ya siku ile ilikuwa moja: anayepiga mpira ukaangukia majamvini anatoka. Nilikuwa na mwenzangu kutoka mjini. Akatazama kote, akaniuliza, "Pahali pote hapa patupu, hapana mwenyewe?" Nilimwonesha yule mtoto mwenye ufito.

Kwake yeye *wazi* na *tupu* na *bila mwenyewe* yalikuwa neno moja. Hayuko peke yake.

Hapo ndipo ninapowaonya juu ya "viwanja vya umma". *Kiwanja* ni neno letu la siku zote. Watoto wanapata nguo mpya za Idi wanapelekwa viwanjani, Mnazi Mmoja kule Unguja, na neno halimtatizi mtu. Lakini mtu huyohuyo akisema "nimenunua kiwanja" humwoni na mpira mkononi, unamwona na mawe na mifuko ya saruji. Simameni mbele ya mkutano msome kuwa Baraza limepata fedha kwa ajili ya viwanja vya umma, na mkono wa kwanza utakaoinuliwa utauliza vinagawiwa lini. Wingi wa *uwanja* nao hautawaokoa. Wingi wake wa asili ni *nyanja*, kama *uwanda* na *nyanda*, lakini *nyanja* zimekwisha kwenda chuoni, siku hizi ni nyanja za elimu na nyanja za uchumi, na pengo lake limezibwa na *viwanja*. Kiwanja kimoja kimoja kitajeni kwa jina lake. Mnapotaja vyote kwa pamoja, semeni *maeneo ya wazi*. Wengine watawapendekezea *uga* na *nyuga*. Nalipenda sana neno hili, linanikumbusha uga wa nyumba ya babu yangu uliokuwa ukifagiwa kabla ya jua kuchomoza, lakini kijana wa leo atadhani ni unga uliokosewa tahajia.

Kuhusu *umma*, nina dogo tu. Kwa sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992, ardhi yote ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Kwa hivyo "eneo la umma" peke yake halijawaambia wasomaji chochote, hata nyumba yako imekaa juu ya ardhi ya umma. Semeni "maeneo ya wazi ya matumizi ya umma". Ni refu, lakini neno *matumizi* linafanya kazi pale.

Hamkuuliza kitenzi, nami nakijibu kwa sababu najua mtakigombania kesho: *kulinda*, *kuhifadhi* au *kutunza*? Mlinzi hulinda dhidi ya mtu, kwa hiyo ukisema kulinda umekwisha kumtaja mvamizi, na mkutanoni huenda amekaa safu ya mbele. Kuhifadhi ni kukiweka kitu kama kilivyo kisipungue herufi, kama mtoto wa chuo anavyoihifadhi Qur'ani. Kutunza ni kufagia, kumwagilia na kurekebisha goli lililovunjika, tena kila wiki. Kwa fedha mnazoziomba *kuhifadhi* ndilo neno, na *kutunza* liwekeni kwenye aya ya bajeti, maana wafadhili hupenda kujua nani atafagia wakishaondoka.

Mimi ningeiandika hivi: "Baraza la Mji linaomba fedha za ruzuku za kuhifadhi maeneo ya wazi ya matumizi ya umma yaliyomo mjini, ili yasigawiwe wala kujengwa." Chini yake yaorodhesheni maeneo yote kwa majina ambayo watu wa shehia wanayaita, hata kama ramani inayaita kwa namba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na siku ya mkutano, mzee wenu mpeni dua ya kufungulia. Humo *aturuzuku* atalitamka pahali pake.