Jibu la msomaji: Ni kazi, ila kuna jambo la foleni

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Safari ya wikiendi na familia ni mapumziko au ni kazi nyingine?" Jibu langu ni kazi, na ningeishia hapo. Lakini chini ya swali mliongeza ushauri: mizigo iwe michache, mtoke alfajiri, na wazee waachwe nyumbani wapumzike. Hapo kwenye wazee mmenigusa pabaya, kwa sababu maneno hayohayo niliyasema mimi mwenyewe Septemba iliyopita, jikoni kwangu hapa Tucson, Arizona, kwa sauti ya mtu anayedhani mlango umefungwa. Haukufungwa. Mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua maharage.

Kwa hiyo nitajibu hilo la wazee. La mapumziko wengine watawajibu.

Safari yenyewe ilikuwa ya Magdalena de Kino, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Sonora, kaskazini mwa Meksiko. Kutoka kwetu ni kama kilomita 190. Kila ikikaribia tarehe 4 Oktoba mji huo hufurika mahujaji wa Mtakatifu Fransisko, na mwaka 2025 tarehe hiyo iliangukia Jumamosi, mke wangu akasema hakuna kisingizio tena. Mnaoishi huku mnaijua I-19, ile barabara ya kwenda mpakani ambayo vibao vyake vya umbali ni vya kilomita, jambo ambalo hulioni kwenye barabara kuu nyingine za Marekani. Mtu aliyekulia Malindi akiendesha pale anajisikia yuko na akili zake zote.

Hoja zangu za kumwacha Mama zilikuwa za maana. Magoti yake. Sukari yake. Joto. Vyoo. Ijumaa mchana watoto walipotoka shule, nikashika funguo, nikatoka nje, nikamkuta ameshaketi kwenye gari, kiti cha mbele, kitenge kipya, mkoba mapajani. Akasema, "Miye niko tayari." Sisi wa Pwani tulivyolelewa, nani atamwambia mkwewe ashuke? Mke wangu akaenda kubanana nyuma na watoto, nikawasha gari.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba lilikuwepo jambo la pasi. Mama ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika usiku, na tangu hapo mipaka aliivuka kwa karatasi za ukimbizi au bila karatasi yoyote. Sasa alikuwa na pasipoti ya Marekani isiyo na muhuri hata mmoja. Pale Nogales, mji wa mpakani, magari yanapita tu, taa ikiwa ya kijani hakuna anayekuuliza jina. Akakataa kupita hivyo. Tukasimama kwenye ofisi ya uhamiaji ya kilomita 21 kutafuta vibali vyetu, akampa ofisa kitabu chake kwa mikono miwili. Alipopigiwa muhuri aliupuliza ukauke.

Njia nzima kuelekea kusini kuna watu wanatembea pembeni mwa lami, wengine na vizibao vya rangi ya chungwa, fimbo mkononi. Ni mahujaji, na wengi wameanzia Nogales, kilomita 90 hivi. Familia husimamisha magari kuwagawia maji na machungwa. Anayewajua waendao Namugongo kwa miguu kila Juni anaelewa ninachosema. Mama aliteremsha kioo na kila aliyempita akampungia mkono, mmojammoja, mpaka nikapunguza mwendo bila kuambiwa.

Chakula nitakipita haraka ingawa kinastahili ukurasa. Nyama choma ya Sonora huchomwa kwa mkaa wa mesquite, na mti huo ni ndugu wa mathenge wetu, ule ambao wafugaji wa Baringo waliupeleka mahakamani pamoja na mbuzi aliyeng'oka meno. Huku wanausifu kama sisi tunavyosifu mwarobaini. Tortilla zao ni za ngano, nyembamba, pana kama sinia, na mtu yeyote wa Mombasa atakuambia hiyo ni chapati iliyokosa mafuta. Halafu wana tunda la membrillo, hulipika na sukari mpaka ligande kama halua, huuzwa kwa vipande. Mwanangu mdogo, wa miaka minne, alikula vipande vinne. Kumbukeni hilo.

Nyumba za wageni zote zilijaa, tukalala garini. Sasa nije kwenye foleni.

Ndani ya kanisa la Magdalena kuna sanamu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, amelazwa chali kama maiti, amefunikwa shuka. Watu hupanga mstari wamguse, wapitishe utepe juu yake, wambusu, kisha wamwinue kichwa. Hapo kwenye kichwa ndipo penye mtihani. Husemwa kwamba mwenye dhambi nzito kichwa hakimwinukii. Husemwa pia kwamba sanamu ya zamani ilichukuliwa na serikali ya jimbo mwaka 1934, enzi za vita na kanisa, ikachomwa kwenye tanuru la kiwanda cha bia huko Hermosillo, na watu wakatengeneza nyingine kama vile hakuna kilichotokea.

Wataalamu wa kalenda mtauliza kwa nini Oktoba wakati sikukuu ya Ksaveri ni tarehe 3 Desemba. Inavyoelezwa, Wajesuiti, watawa wa shirika lake waliomleta huku, walifukuzwa mwaka 1767, wakaja watawa Wafransisko, na siku yao ni tarehe 4 Oktoba, ya Fransisko wa Asizi. Watakatifu wawili wakagawana siku moja. Aliyeanzisha yote ni Padre Eusebio Kino, aliyefika Magdalena Machi 1711 kuzindua kikanisa cha Ksaveri na akafariki usiku uleule. Mifupa yake iligunduliwa mwaka 1966 na iko palepale uwanjani chini ya kioo, kila mpita njia anaiona. Mwanangu wa miaka tisa aliitazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama simu.

Tulijipanga saa tatu asubuhi. Mstari ulitoka mlangoni, ukafuata ukuta, ukazunguka hadi kwenye wauza mishumaa. Hadi saa tano tulikuwa tumefika kwenye kona ya kwanza. Jua la pale halikuchomi ghafla kama letu, linakukausha taratibu kama papa juani Shela. Mdogo alitaka choo mara tatu. Choo kilikuwa peso 10, unapewa na kijikaratasi kimekunjwa, na kila tukirudi tulikuta watu wametusogelea mahali petu, tukaanza kuomba radhi kwa Kihispania cha kuokoteza. Vikundi vya muziki vya kukodi vilipiga kila upande, kila kimoja wimbo wake, mteja wake na bei yake. Upande mwingine Wayaqui, wenyeji wa asili wa Sonora, walikuwa wanacheza ngoma, njuga miguuni. Mke wangu alinitazama. Nikamtazama. Mliooa mnajua mazungumzo hayo.

Nikamwendea Mama kwa adabu. "Mama, twende tukale, tutarudi jioni foleni ikipungua."

"Nyinyi mwende mukule. Miye nabakia."

Mke wangu akaenda na mdogo. Mimi nikabaki na binti, na sitadai ni mapenzi yaliyonibakiza. Ilikuwa aibu ya yale maneno ya jikoni.

Mbele yetu alikuwepo bibi mmoja wa Kitohono O'odham, watu ambao nchi yao ilikatwa vipande viwili mpaka ulipochorwa upya katika miaka ya 1850, nao bado wanauvuka kwenda Magdalena kila mwaka. Bibi huyu alikuwa na kigoda cha kukunja. Anakaa, mstari ukisogea hatua tano anasimama, anakisukuma kwa mguu, anakaa tena. Alikuwa amefanya hivyo asubuhi nzima bila kugeuka. Kisha akageuka, akayatazama magoti ya Mama, si uso, magoti. Akasimama. Akakisukuma kigoda kwa mguu uleule hadi kwa Mama.

Mama akakaa. Hatua tano. Mama akasimama, akakirudisha. Bibi akakaa. Hatua tano. Hivyo ndivyo walivyokwenda kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa zamu, bila hata mmoja kumshukuru mwenzake. Mama alizungumza Kiswahili cha Uvira, bibi akazungumza kikwao, na nawaambia kulikuwa na kuulizana na kujibiana. Mama alitoa andazi mkobani, akalikata nusu. Baadaye ikaja tortilla, nayo nusu. Kuna wakati walicheka wote wawili wakinitazama mimi. Sijui nilichekewa nini hadi leo. Nilijaribu kukishika kigoda niwasogezee, wakaniondoa mkono.

Ili nisionekane sina kazi nikaanza kumsimulia binti yangu habari za huyo mtakatifu. Nikamwambia, huyu mzee alifika kwetu. Hakuamini. Nikamwambia Ksaveri alipitia Malindi mwaka 1542, akielekea Goa, na lile kanisa dogo la makuti la Wareno kando ya bahari nililipita kila siku nikienda shule, mdomo mwekundu kwa mabuyu, nisijue habari hiyo. Katika barua yake anasimulia kwamba mzee mmoja Mwislamu wa Malindi alimlalamikia: mji una misikiti 17 na inayosaliwa ni mitatu tu. Binti akauliza, "Kwa hiyo wazee walikuwa wanalalamika toka zamani?" Mama aligeuka kutoka kwenye kigoda. Nikabadilisha mada.

Mke wangu alirudi tulipokaribia mlango, mdogo amelala. Nikampokea. Nasisitiza kwamba nilimpokea kwa sababu mke wangu alikuwa amechoka.

Ndani ni baridi kidogo na panasikika minong'ono tu. Bibi wa O'odham alitangulia. Kisha Mama. Watu wengi huweka mkono nyuma ya kichwa na kukinyanyua upesi, kama mtu anayepima tikiti sokoni. Mama aliingiza mkono chini ya shingo, polepole, mkono wa pili ukashika bega la sanamu, akainua kama anayemwinua mgonjwa ili anywe maji. Akakaa hivyo. Nyuma watu walisubiri na hakuna aliyekohoa. Alikuwa anasema kitu, midomo ilicheza. Kama ilikuwa nadhiri, ni ya lini na ya nani, sikuuliza, naye hakusema. Akamlaza tena, akamnyoosha shuka.

Mke wangu akainua. Binti akainua kwa mkono mmoja na kutaka kurudia. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nimebeba mtoto."

Mama alinitazama. Tukatoka.

Nje bibi alikunja kigoda chake, wakashikana mikono, akaondoka na watu wake. Majina hawakuulizana.

Kurudi Jumapili sitakueleza kwa kirefu, Mhariri, kwa kuwa hilo ndilo swali lako na jibu unalo. Saa tatu nzima kwenye mstari wa magari Nogales, injini inachemka, na vile vipande vinne vya membrillo vikarudi vyote kwenye kiti cha nyuma. Jumatatu nilikwenda kazini nimechoka kuliko nilivyotoka Ijumaa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapinga: wazee wasiachwe, basi. Sasa nikiisoma barua hii naona ushauri wenu si wa kipuuzi. Tulisimama kila nusu saa kwa ajili ya magoti yale. Dawa zake tulizisahau garini, nikazikimbilia juani. Bila yeye tungeona mifupa ya Kino, tungekula, tungerudi Jumamosi usiku. Kwa hiyo nasema: mzee mwenye presha isiyotulia aachwe. Anayesema mwenyewe hataki, aachwe, na msimbembeleze. Safari ya saa kumi garini, aachwe, labda. Ila hilo lizungumzwe naye akiwa amekaa mbele yenu, na mlango uwe wazi kwa makusudi. Na wa kwangu mimi hamo katika kanuni hiyo, maana sina uwezo wa kumwacha. Hakuniomba ruhusa mwaka jana na hataniomba mwaka huu.

Mwaka huu tarehe 4 Oktoba ni Jumapili. Tangu Januari kuna kigoda cha kukunja kwenye buti la gari langu, cha kijani, amekinunua kwa pesa zake. Juzi nilikuwa naosha gari nikakitoa nikakiweka ukutani. Alikuwa barazani ananitazama.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. Kisha, bila kuniangalia, akiendelea na maharage yake: "Na mwaka huu, mukwe, mutoto nitamubeba miye."